Trei ya mayai, daftari na penseli: mwongozo kamili wa kumwanzisha mtoto hobi ya kukusanya vitu

Kabla ya kuloweka kaptula ya shule ya mtoto wa darasa la pili, kagua mifuko. Utatoa vizibo vya soda, mbegu za ukwaju, kijiwe cheupe, gololi, pengine na tiketi ya mwendokasi iliyokunjwa mara nne. Nyumba nyingi za Dar es Salaam vitu hivyo vinaishia kwenye ndoo ya taka, na kesho yake mifuko imejaa tena. Mtoto huyo hajakosa adabu. Ameshaanza kukusanya, ila hajapata mtu mzima wa kumwonesha afanye nini na alichookota.

Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi wa watoto kuanzia miaka minne hivi hadi kumi na minne. Fedha hazihitajiki nyingi. Kinachohitajika ni uvumilivu, na kushika jambo moja ambalo nitalisema tena na tena: kitu hakijaingia kwenye mkusanyo mpaka kiandikiwe maelezo yake. Vizibo hamsini ndani ya kiroba ni taka. Vizibo hamsini vilivyopangwa, na daftari linaloeleza kila kimoja kimetoka wapi, lini, na soda aliinywa nani, hiyo ni kazi ya mtoto anayefikiri.

Kuna sababu watoto wa shule ya msingi wanapenda sana jambo hili. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza kwamba kati ya miaka 7 na 11 hivi mtoto anapata uwezo wa kupanga vitu katika makundi, na makundi ndani ya makundi: kitu kimoja kikawa cha chuma, cha duara na cha Tanzania kwa wakati mmoja bila kumchanganya. Piaget mwenyewe utotoni alikuwa akichunguza konokono na makombe, na mwaka 1907, akiwa na miaka kama kumi tu, alichapisha taarifa fupi kuhusu shomoro mweupe aliyemwona. Mtoto wako si lazima awe Piaget. Lakini akikaa sakafuni akitenganisha sarafu za njano na nyeupe, jua kwamba anasoma, hata kama hakuna kitabu mbele yake.

Hatua ya kwanza: mwangalie kabla ya kumwambia

Kosa linaloua hobi hii mapema ni mzazi kuchagua. Baba alikusanya stempu akiwa sekondari, basi mtoto naye anunuliwe albamu ya stempu. Baada ya mwezi albamu iko chini ya kochi.

Kaa wiki mbili ukimwangalia. Anaokota nini akitoka shule? Anasimama wapi mkiwa Kariakoo? Anauliza maswali kuhusu nini? Mtoto mmoja atavutwa na rangi, mwingine na maandishi, mwingine na wanyama, na yupo anayependa vitu kwa sababu vina hadithi ya mtu. Muulize kwa upole: "Mwanangu, hivi vyote ulivyoleta, ungeambiwa ubaki na vitano tu, ungechagua vipi?" Jibu lake ndilo mwanzo wenu.

Kisha mwekeeni mkusanyo mpaka. "Sarafu" ni bahari isiyo na ng'ambo. "Sarafu za Tanzania zenye picha ya mnyama" ni kitu anachoweza kukimaliza, na furaha ya kukamilisha ndiyo inayomrudisha mezani. Vivyo hivyo usimwache akusanye "majani". Mwambie majani ya miti iliyopo kati ya nyumbani na shuleni. Akimaliza mpaka huo, atataka mwenyewe kuupanua.

Hatua ya pili: umri na usalama

Hapa sina mzaha. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anatia kila kitu mdomoni, na hata kama hobi ni ya kaka yake mkubwa, sarafu zinadondoka sakafuni. Chukua kile kiini cha karatasi ya chooni: kitu chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo na kinaweza kumkaba. Kama nyumbani kuna anayetambaa, mkusanyo ukae juu ya kabati na ufunguliwe mezani.

Betri ndogo za duara, za saa na rimoti, zisiingie kwenye mkusanyo wowote. Mtoto akimeza moja, zinaunguza koo kwa muda mfupi. Ni kumkimbiza hospitali hapohapo, si kusubiri kuona. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni hatari vilevile, kwa kuwa mbili zikimezwa zinavutana tumboni na kubana utumbo.

Marufuku ya mwisho ni jalalani na mitaroni. Kuna sindano, vioo na vyuma vyenye kutu. Mtoto aokote barabarani, uwanjani, ufukweni na nyumbani, akiwa na mkubwa wa kumwangalia kama bado mdogo.

Kwa umri: miaka minne hadi sita, majani, mbegu kubwa na vizibo (ukiwa karibu). Kuanzia saba, sarafu. Kuanzia tisa au kumi, stempu, kwa sababu zinataka mkono uliotulia. Maneno, nitakayoyaeleza mbele, yanafaa zaidi kuanzia darasa la tano.

Hatua ya tatu: chagueni cha kukusanya

Vizibo ndio mlango rahisi kuliko yote. Watoto wetu wanavijua tayari, maana ndivyo kete za drafti mtaani: upande mmoja wanageuza juu, upande mwingine chini. Mpe mtoto kizibo kimoja na umwambie ahesabu meno ya ukingoni. Atapata 21. Achukue cha soda nyingine, ahesabu tena, 21. Hapo atauliza kwa nini, nawe utamweleza kwamba kizibo cha aina hii kilibuniwa Marekani na William Painter mwaka 1892, kwamba cha mwanzo kilikuwa na meno 24, na kwamba baadaye viwanda vikakubaliana na 21. Muuza duka wa mtaani ukimwomba vizuri atakuwekea vya wiki nzima. Vioshwe kwa sabuni siku hiyohiyo, la sivyo sukari inaita sisimizi na mende.

Sarafu nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu kwa mtoto wa Dar naziona ndizo bora kupita zote. Zinapatikana, zina tarehe, zina picha, na kila moja imepita mikononi mwa watu.

Mwanzo wake uko kwenye chenji ya leo. Sarafu ya shilingi 50 ina kifaru na mtoto wake, ya 100 ina swala, ya 200 ina simba, na ya 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina nyati. Kwa shilingi 850 mtoto ana wanyama wanne mezani. Sasa mpe orodha ya wanaobaki awatafute: samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20 na sungura wa senti 50, wote wa toleo la kwanza la mwaka 1966, pundamilia wa senti 10 iliyotoka 1977, na tembo wa shilingi 20 ya miaka ya tisini. Jumla wanyama tisa. Hao watano hawapatikani dukani. Wako kwenye makopo ya vifungo ya akina bibi, kwenye droo za mashine za kushonea, chini ya masanduku. Mtoto itabidi aende kwa watu kuuliza, na nadhani hiyo ndiyo faida kubwa kuliko sarafu yenyewe.

Akiipata ile senti 5, aizungushe kidoleni polepole. Si duara, ina pembe kumi na mbili. Amfunike samaki kwa kidole na kusoma maandishi ya upande wa pili. Mweleze kwamba kabla ya hapo tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Uganda, na kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966. Akibahatika kupewa ile senti 10 ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni, muulize tundu lile lilifaa kwa nini. Wazee watamwambia jinsi watu walivyozitunga kwenye kamba.

Jaribio la lazima ni la sumaku. Fundi redio yeyote ana spika mbovu, na sumaku ya spika ni kubwa kiasi kwamba hakuna mtoto atakayeimeza. Sarafu ya 500 itanaswa, kwa sababu ndani ni chuma kilichopakwa nikeli. Senti 50 ya 1966 haitashtuka, kwa sababu ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mtoto ajaribu moja moja na kujaza safu mbili kwenye daftari: inanaswa, hainaswi. Kisha jioni awe yeye wa kumweleza baba yake sababu.

Usafi wa sarafu: usizisugue. Limao, majivu, dawa ya meno na dawa za kung'arishia vyombo vinaondoa ngozi ya juu, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani mbele ya wakusanyaji duniani kote. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha kuikausha kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua, inatosha. Na aishike kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, maana jasho la vidole linaacha alama.

Jambo moja ni la kumlinda mtoto na wewe mwenyewe pia. Matangazo ya mitandaoni yanayodai kununua sarafu za zamani kwa mamilioni, mradi utume kwanza "ada ya usajili", ni utapeli. Ndivyo ilivyo kwa wanaokuja na hadithi za rupia za Mjerumani zilizozikwa mahali. Rupia na heller za enzi za Wajerumani zipo kweli na zina historia nzuri, lakini nyingi si utajiri. Mweleze mtoto wazi kwamba sarafu nyingi za kopo la bibi hazina bei kubwa, na kwamba anazitunza kwa sababu nyingine.

Stempu sasa ni ngumu kidogo, watu hawaandikiani barua. Hata hivyo bahasha bado zinaingia maofisini, na Posta wanauza stempu mpya, zikiwemo zilizotolewa kwa ajili ya wakusanyaji; mpeleke mtoto mwenyewe dirishani akaulize. Kwa za zamani, tafuta watu wazima waliotunza barua. Toleo la Tanzania la mwaka 1967 lilikuwa la samaki, na la 1973 la vipepeo, na zote mbili zinampa mtoto mpaka mzuri wa kuukamilisha. Kuna pia zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, ambazo zinafungua mazungumzo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Kubandua: kata bahasha ukiacha nafasi kuzunguka stempu, weka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu uso juu, subiri dakika 15 hadi 20. Ikiwa tayari itateleza yenyewe, ukiivuta itachanika. Itoe kwa kibanio chenye ncha bapa, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na wino, na ikikauka iweke ndani ya kitabu kizito usiku mmoja. Stempu za siku hizi zenye gundi ya stika zinagoma kwenye maji. Hizo zikate na karatasi yake. Na bahasha yenye mhuri unaosomeka vizuri, wenye jina la mji na tarehe, usiikate kabisa. Itunze nzima.

Pwani inavuta watoto kuliko mahali pengine, na hapo nawaomba wazazi tuwe wakali. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tengefu za bahari tangu 1975. Huko mtoto anaangalia, anachora, anapiga picha, na anarudi mikono mitupu. Hata fukwe nyingine, kombe lenye kiumbe ndani haliokotwi, na matumbawe hayavunjwi. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu wanayahitaji kama nyumba. Yale makombe makubwa ya baragumu yanayouzwa kwa watalii ni ya konokono anayekula kiti cha pweza mwenye miiba, na huyo kiti cha pweza ndiye anayetafuna matumbawe. Ukimwondoa mmoja unamwachia mwingine uwanja. Pia kuna konokono wa kombe lenye umbo la pia ambaye anachoma kwa sumu kali, na sumu ya baadhi ya jamii yake imewahi kuua watu. Mtoto asishike kombe zima lililo majini.

Ufukweni kuna vingine vya kuokota bila dhambi: vikonyo vya mvinje, mbegu zilizoletwa na mawimbi, vipande vya vioo vilivyosuguliwa na mchanga hadi vikawa butu. Soko la samaki Feri nalo linafaa kwa mkusanyo wa kuchora. Changu, tasi, kolekole, nguru, kibua, jodari: samaki mmoja kwa kila ukurasa, na jina kama alivyolitaja muuzaji.

Majani na mbegu nitapita haraka. Yalazwe kati ya kurasa za gazeti, juu yake vitabu vizito, gazeti libadilishwe kila siku mbili kwa sababu hewa yetu ina maji. Yakikauka yabandikwe kwenye karatasi ya manila.

Nimeyaacha mwisho maneno, kwa kuwa hayachukui nafasi, hayaliwi na mchwa na hayagharimu kitu. Kijana wa darasa la sita anaweza kukusanya majina ya kanga. Kanga ina pindo, mji, na jina, yaani yale maandishi. Aende na shangazi yake kwenye maduka ya kanga Mtaa wa Uhuru, asome, anakili kwa herufi kubwa kama yalivyochapwa. Halafu aende kwa bibi amwombe afungue sanduku. Kila kanga ya bibi ina habari: hii ya harusi, hii ya msiba, hii alimnunulia jirani walipokosana, ikasema yale ambayo mdomo haukutaka kusema. WEMA HAUOZI kwenye daftari ni maneno mawili tu. WEMA HAUOZI pamoja na maelezo ya nani alimpa nani na kwa nini, hiyo ni historia ya ukoo.

Maandishi ya nyuma ya bajaji na daladala nayo ni uwanja mpana. Majina ya vituo vilevile: Mbagala Rangi Tatu, Buguruni Sheli, Magomeni Mapipa, Mwembechai, Kwa Azizi Ali. Mtoto aulize wazee wa eneo jina lilitoka wapi, na aandike majibu yote hata yakipingana.

Hatua ya nne: lebo

Hapa ndipo mkusanyo unapozaliwa, na ndipo wengi wanapochoka. Fanyeni iwe desturi: hakuna kitu kinacholala usiku bila lebo.

Lebo inajibu maswali matano: namba, ni nini, kimepatikana wapi, lini, na kwa nani. Mfano wa lebo ya mtoto wa miaka tisa:

"Na. 14. Senti 50, mwaka 1966. Sungura. Nimepewa na bibi mzaa mama, Mbagala, Idd Pili. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Bibi amesema zamani ilinunua vitu."

Usimsahihishe sentensi ya mwisho. Siku nyingine atarudi kuuliza ni vitu gani, na ataongeza mstari. Mwandiko uwe wake, na uwe wa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unachuruzika karatasi ikipata unyevu. Namba hiyohiyo iingie kwenye kaunta buku kubwa ambalo halitoki nyumbani. Sarafu na stempu haziandikwi juu yake kamwe. Lebo inakaa pembeni. Jiwe linaweza kupakwa tone la rangi ya kucha nyeupe na kuandikwa namba juu yake.

Kama anauliza faida ya kuandika mahali, msimulie habari hii. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, akaokota sarafu kadhaa mchangani. Akaziweka kwenye kopo, na mahali alipoziokota akapatia alama ya X kwenye ramani. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, hii Kilwa yetu ya Lindi. Zilifikaje huko, hadi leo wataalamu wanabishana. Lakini wanaweza kubishana, na kwenda kuchimba palepale, kwa sababu mtu mmoja alichora X.

Hatua ya tano: kuhifadhi kwenye jiji lenye joto na chumvi

Vitabu vya Ulaya vya hobi hii havikuandikwa kwa ajili ya nyumba ya Kigamboni wakati wa masika. Maadui zetu ni unyevu, hewa ya chumvi, mende, mchwa na panya.

Trei ya mayai ya karatasi ina vishimo 30 na inafaa kwa vizibo, mbegu, mawe na makombe. Chagua iliyo safi kabisa, iliyokaa juani siku nzima. Yenye ute wa yai itaita mende. Sarafu ziwe kwenye vibahasha vidogo vya karatasi, lebo ndani. Epuka plastiki laini yenye harufu kali: ikikaa na sarafu kwa miezi inaacha utando wa kijani unaonata. Stempu zikae kwenye daftari lenye vipande vya karatasi angavu vilivyobandikwa chini tu, ziingie kama mfukoni. Usitumie gundi wala selotepu kubandikia stempu, haitatoka tena.

Vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mabegi mapya, vilivyoandikwa visiliwe, usivitupe. Vinanyonya unyevu. Viwili ndani ya boksi lenye mfuniko vinasaidia sana, mradi visifikiwe na watoto wadogo.

Boksi lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta, maana mchwa hupita ukutani kimyakimya. Likae juu, mbali na dirisha la upande wa bahari na mbali na jua linalofubaza rangi. Mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili kati ya Machi na Mei, mtoto afungue vyote, aviache vipate hewa asubuhi moja, akague kutu na vijitundu vya wadudu, kisha arudishe. Hiyo ni kazi yake, siyo ya dada wa kazi.

Hatua ya sita: kuomba, kubadilishana, kukataa

Mtoto anayekusanya anajifunza kuzungumza na wakubwa. Mfundishe namna: "Shikamoo bibi. Nakusanya sarafu za zamani zenye wanyama. Naomba kuuliza kama unazo, hata kuziona tu." Aombe kuona kwanza, sio kupewa. Akipewa, arudi siku nyingine kumwonesha bibi kitu chake kilivyopangwa na jina lake kwenye lebo. Wazee wakiona hivyo wanatafuta zaidi bila kuombwa.

Kubadilishana na wenzake kuna sheria tatu ambazo nashauri kila nyumba iziweke. Anabadilisha zile zilizojirudia tu. Cha kupewa na mtu wa ukoo hakibadilishwi bila ruhusa ya aliyetoa. Na kila makubaliano yanalala usiku mmoja. Asubuhi wote wakikubali tena, basi. Hiyo ya tatu inaepusha vilio vingi na inamkinga mdogo dhidi ya mjanja. Kucheza kamari kwa vitu vya mkusanyo kusiruhusiwe hata kidogo.

Kuna pia vya kukataa hata vikiletwa bure. Pembe, meno, ngozi na sehemu nyingine za wanyamapori ni nyara za serikali, na kuzimiliki bila kibali ni kosa. Vitu vya kale navyo vina sheria yake ya mwaka 1964: kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa. Kwa hiyo mkitembelea magofu ya Kunduchi au Kaole na mtoto akaona kigae cha chungu au cha sahani ya Kichina ardhini, akichore palepale, akiache, amwite mhifadhi.

Hatua ya saba: mpeleke aone mkusanyo wa taifa

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea, yalifunguliwa mwaka 1940. Mpeleke mtoto akiwa ameshaandika lebo kama ishirini hivi, sio kabla. Mtoto asiyekusanya anapita haraka mbele ya vioo. Anayekusanya anasimama kusoma maandishi madogo. Mwoneshe habari za fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na umwombe akague kama lebo zao zinajibu maswali yake yote matano. Zikikosa moja, amuulize mhudumu. Kijiji cha Makumbusho, njia ya kwenda Mwenge, kinafaa siku nyingine, hasa kwa anayekusanya majani au kuchora nyumba.

Hatua ya nane: mahali pako wewe mzazi

Usimpangie upya. Akiweka sarafu kwa rangi badala ya mwaka, muulize sababu, kisha mwache. Usimnunulie zile zilizobaki ili amalize haraka. Usizitoe mbele ya wageni bila kumwomba, na usimpe mdogo wake kichezeo kutoka kwenye trei ili anyamaze. Ukifanya hivyo mara moja atajua kwamba mali yake si mali, na hatahifadhi tena kwa moyo.

Muda wako ni nusu saa kwa wiki. Jumamosi baada ya kazi za nyumbani, au Jumapili jioni, mkae mezani simu ikiwa mbali, yeye akisoma lebo mpya kwa sauti. Wewe uliza maswali.

Kuna siku atachoka. Mpira utamvuta, mtihani wa darasa la saba utakaribia, au atahamia kwenye kitu kipya. Msifanye ugomvi, na msitupe. Funga boksi vizuri, weka vipakiti vya kunyonya unyevu, andika juu yake jina lake, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoachia, na liweke juu ya kabati pamoja na kaunta buku. Endelea kulifungua wewe wakati wa masika kukagua wadudu. Likae hapo hadi atakapoliulizia, na asipoliulizia, amkabidhi mdogo wake yeye mwenyewe kwa mkono wake, akimsomea lebo moja moja.